Mjadala: Kinga ya moyo kwa Waaborijini ianze na sindano au na nyumba?

MTOA HOJA
Katika jamii za mbali za Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, huko Northern Territory, watoto bado wanaharibikiwa valvu za moyo, yaani vilango vinavyoongoza damu, kwa ugonjwa wa moyo wa baridi yabisi, ambao Waaustralia wengine wamekaribia kuusahau. Bakteria wa streptokokasi hushambulia koo au ngozi, kisha huzuka homa ya baridi yabisi, nayo ikirudi mara kwa mara valvu huanza kuvuja au kukakamaa. Kinga iliyozoeleka ni sindano ya penisilini ya benzathini, inayochomwa ndani ya msuli wa paja au tako kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka mingi, na maumivu yake si madogo.

Mtoto akikosa sindano, familia ndiyo hulaumiwa. Bafu likikosa maji miezi mitatu, sioni anayeulizwa. Tangu 1987, Nganampa Health Council, shirika la afya la Waaborijini wenyewe, limesisitiza kwamba afya huanzia kwenye uwezo wa kuoga na kufua nguo na matandiko nyumbani. Ukaguzi wa nyumba uliofuata katika jamii nyingi ulionyesha kwamba uharibifu wa wapangaji haufiki asilimia 10 ya hitilafu. Zilizobaki zinatokana na ujenzi mbovu na kukosa matengenezo. Fedha za kinga zimlipe kwanza fundi bomba.

MCHANGIAJI
Ndugu mtoa hoja, kuhusu nyumba nakuunga mkono, lakini kumtanguliza fundi sikubaliani nako. Kaskazini mwa Uganda, watoto na vijana zaidi ya 800 waliogunduliwa na dalili za awali za ugonjwa huu wa moyo walifuatiliwa kwa miaka miwili: ugonjwa ulizidi kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa penisilini, na kwa asilimia 8.2 ya wasiochomwa. Valvu iliyokwisha kudhurika haisubiri bajeti ya makazi. Tunachopaswa kubadilisha ni mchomaji: wauguzi wa mkataba mfupi huja na kuondoka, na kila mgeni humhoji mama upya, ilhali mhudumu mwenyeji anajua lugha, na anajua mtoto amepelekwa msibani kwa ndugu gani.

MTOA HOJA
Kuhusu mhudumu mwenyeji nakubali kabisa. Basi apewe pia mamlaka ya kumwita fundi siku ileile anapofika kuchoma sindano akakuta bomba halitoi maji, na gharama hiyo itoke kwenye fungu la afya.