Je, taifa linapokausha ardhi yake ya mboji, madhara ni jambo lake la ndani?

Mwanajiografia

Ndugu zangu, ninafundisha jiografia katika shule ya sekondari, na vitabu tunavyotumia hueleza mabadiliko ya tabianchi kwa kutaja viwanda, magari na mitambo ya umeme wa makaa ya mawe. Mwanafunzi wangu mmoja ameuliza kwa nini Indonesia, ambayo haina viwanda vingi kama Ujerumani au Japani, katika baadhi ya miaka huhesabiwa miongoni mwa nchi zinazotoa gesijoto nyingi kupita kiasi. Nilimtajia moto wa misituni, naye akataka kujua serikali inalaumiwa kwa lipi ikiwa moto huwashwa na wakulima wanaosafisha mashamba. Ningependa kusikia kwa wanaoifahamu habari hiyo: kosa ni la wenye viberiti au ni la sera za nchi?

Tindiga

Mwalimu, swali hilo linastahili jibu refu kidogo, kwa sababu kinachoungua Indonesia si miti peke yake. Sehemu kubwa za nyanda za chini za Sumatra na Kalimantan zimefunikwa na mboji, yaani mabaki ya mimea yaliyorundikana majini kwa maelfu ya miaka bila kuoza kabisa, kwa kuwa maji huizuia oksijeni isiyafikie. Mahali pengine tabaka hilo lina kina cha zaidi ya mita 10. Maadamu limeloa, huishikilia kaboni iliyofyonzwa na mimea hiyo tangu kale. Likikaushwa, huanza kuoza na kutoa kaboni dioksidi hata kama hakuna aliyewasha moto, na ardhi yenyewe hudidimia mwaka hadi mwaka.

Katikati ya miaka ya 1990, serikali ya Rais Suharto iliamua kugeuza takribani hekta milioni moja za vinamasi vya Kalimantan ya Kati kuwa mashamba ya mpunga, ili nchi ijitosheleze kwa mchele. Misitu ilikatwa, mifereji ya maelfu ya kilomita ikachimbwa, na familia nyingi zikahamishiwa huko kutoka visiwa vingine. Mpunga haukustawi, kwani udongo huo una asidi nyingi na rutuba haba, na baada ya Suharto kuondoka madarakani mradi ulifutwa. Mifereji ilibaki, ikaendelea kuyatoa maji. Hata kabla mradi haujafutwa, ukame wa El Niño ulipoingia mwaka 1997, moto ulizama ardhini ukawa unafukuta chini kwa chini, mahali ambapo ndoo za maji na hata ndege za zimamoto hazifui dafu, mpaka mvua zilipowadia. Watafiti waliochapisha makadirio yao mwaka 2002 walisema kwamba moto wa Indonesia wa mwaka 1997 ulitoa kaboni kati ya tani bilioni 0.81 na bilioni 2.57, ambayo ni sawa na asilimia 13 hadi 40 ya kaboni iliyokuwa ikitolewa kwa mwaka na dunia nzima kwa kuchoma makaa, mafuta na gesi.

Kwa hiyo wenye viberiti wapo, na baadhi yao ni makampuni makubwa ya mashamba wala si wakulima wadogo tu. Hata hivyo, wakulima wa maeneo hayo walitumia moto kwa vizazi vingi bila kuifukiza nusu ya Asia ya Kusini-Mashariki. Kilichobadilika ni maji, na maji yaliondolewa kwa amri ya serikali.

Baharia wa Kusini

Nakubaliana na Tindiga kuhusu mifereji, ila sioni haki lawama ziishie Jakarta. Ujerumani, Uholanzi na Ufini zilikausha sehemu kubwa ya vinamasi vyao zamani, na mashamba hayo yanatoa gesijoto hadi leo. Ayalandi ilichoma mboji katika mitambo ya umeme kwa miongo mingi, na shirika la umma la Bord na Móna lilitangaza mwaka 2021 tu kwamba limeacha kuichimba. Mwaka 2010 jiji la Moscow lilifunikwa na moshi ambao kwa sehemu ulitoka katika mboji iliyokaushwa enzi za Umoja wa Kisovyeti.

Tena, Umoja wa Ulaya ulipoziwekea nchi wanachama lengo la nishati jadidifu katika usafiri mwaka 2009, mafuta ya mawese, ambayo baadhi ya michikichi yake hulimwa kwenye mboji iliyokaushwa, yaliingia kwenye matangi ya magari kwa jina la kulinda mazingira. Mwaka 2018 ndipo ulipoamua kuyaondoa hatua kwa hatua ifikapo 2030. Nasi tusijitoe, kwa kuwa mafuta mengi ya kula yanayoshushwa Mombasa na Dar es Salaam ni ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia.

Mwanajiografia

Nashukuru sana. Je, majirani wanaovuta moshi huo wana njia yoyote ya kisheria, na Indonesia yenyewe imerekebisha nini?

Tindiga

Njia ipo, lakini ni dhaifu. Mataifa ya ASEAN, jumuiya ya nchi za Asia ya Kusini-Mashariki, yalitia saini mkataba wa moshi unaovuka mipaka mwaka 2002; Indonesia, ambako moshi mwingi hutoka, iliuridhia mwaka 2014, na mkataba wenyewe hauna adhabu. Mwaka huohuo Singapore ilitunga sheria inayoiruhusu kuyashtaki makampuni hata kama moto uliwaka nje ya mipaka yake. Mwaka uliofuata ziliungua hekta milioni 2.6 nchini Indonesia, na Benki ya Dunia ilikadiria hasara ya Indonesia kuwa dola bilioni 16. Hapo ndipo serikali ilipounda, mwaka 2016, wakala wa kuziba mifereji na kurudisha maji kwenye hekta milioni mbili. Hatua hiyo ilikuwa njema, na kwa sababu hiyo inaniuma kwamba mwaka 2020 serikali hiyohiyo ilianzisha mpango mpya wa mashamba ya chakula, sehemu yake ikiwa palepale uliposhindwa mradi wa Suharto.

Msomaji wa Goma

Mjadala huu unatuhusu sana Wakongomani. Mboji ya Bonde la Kongo, iliyoenea katika Kongo zote mbili, inakadiriwa kuwa na kaboni tani bilioni 30, ambayo ni karibu sawa na inayotolewa na dunia nzima kwa miaka mitatu kwa kuchoma makaa, mafuta na gesi. Julai 2022 serikali yetu ilifungua mnada wa vitalu vya mafuta, na baadhi ya vitalu viligusa mboji hiyo na Hifadhi ya Virunga. Wakubwa walijibu kwamba nchi maskini haiwezi kukatazwa utajiri wake na waliokwisha kutajirika. Naielewa hoja hiyo, lakini barabara na mifereji ya wachimbaji ikishaingia kinamasini, wa kwanza kupoteza samaki na maji ni wanakijiji wa huko.

Mkazi wa Musanze

Mwalimu, wape wanafunzi wako pia mfano wa Rugezi, kaskazini mwa Rwanda. Kinamasi hicho cha mboji kilipoharibiwa kwa kilimo na mifereji, maji ya Ziwa Burera yalishuka, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 bwawa la umeme la Ntaruka likazalisha umeme kidogo hata nchi ikalazimika kutumia majenereta ya dizeli kwa gharama kubwa. Serikali ilipiga marufuku kilimo ndani ya kinamasi, jambo lililowaumiza wakulima walioishi kwa mashamba hayo, na maji yakarudi. Mwaka 2010 Rwanda ilipewa tuzo ya kimataifa kwa kazi hiyo, na wanafunzi wako wanaweza kufuatilia kisa hicho hatua kwa hatua, kutoka amri ya serikali hadi taa ya nyumbani.