Njiwa na panya uzito mmoja, mbona umri hauendani?

Manyoya2: Wakuu habari zenu. Panya wangu wa kufuga kafa juzi, miaka miwili na miezi mitatu tu, siku za mwisho miguu ya nyuma anaiburuta, mgongo umeshaanza kunyonyoka manyoya, mzee kabisa. Halafu njiwa wangu dume ana miaka 11 na bado anamzungukia jike kavimbisha shingo kama kijana. Niliwahi kuwapima wote, njiwa gramu 340, panya 360. Sasa si tunaambiwa mnyama mdogo hufa mapema na mkubwa huishi sana? Hapa imekuwaje?

BawaMoja: Pole sana kwa panya wako. Hiyo kanuni ipo ila ndege wanaivunja, na cha ajabu mwili wa njiwa una joto kuliko wa panya, nyuzi 41 hivi kwa 37, yaani anaunguza chakula kwa kasi lakini hachakai haraka. Siri iko kwenye seli, mle kwenye mitokondria ambako nguvu inatengenezwa. Watafiti waliwalinganisha hawa hawa wawili wakakuta za njiwa zinavujisha kemikali haribifu kidogo kuliko za panya. Na ukiangalia uzazi utaelewa zaidi, panya mimba siku 22 anashusha watoto 8 au zaidi, maana porini paka, nyoka na bundi wote wanamtaka, mwili unakimbilia kuzaa haujali kujikarabati. Njiwa mayai mawili tu, dume na jike wanapokezana kuatamia siku kama 18, kisha wote wawili wanawalisha makinda yale maziwa ya kwenye gole (ule mfuko wa chakula shingoni mwa ndege), mazito ya njano njano, kinda anazamisha mdomo mzima kooni kwa mzazi. Mwenye mbawa anakimbia hatari, ana muda.

Kisoso: Naongezea, sio mbawa peke yake bali usalama. Kuna fuko wale wasio na manyoya, nao wapo kundi moja na panya, hawafiki hata gramu 100 lakini wanapita miaka 30 kwa sababu wanaishi chini ya ardhi adui hawafikii kirahisi.

Manyoya2: Asanteni sana, nimeelewa. Nimebaki na panya jike wa miezi 14, kumbe ndo mtu mzima tayari na mimi namwona mtoto. Leo leo nashusha kitanda chake chini asipate shida ya kupanda.