Aliyenishonea kiatu hakutaka mahubiri. Je, nirudi kumshukuru?

DadaWaZamu

Wapendwa, habari zenu. Huu ni mwaka wangu wa nne katika huduma ya nyumba kwa nyumba, na kuna jambo limenikaa moyoni miezi miwili sasa. Nitaandika kwa urefu kidogo, mnivumilie, kwa sababu nikilifupisha halitaeleweka.

Siku ile mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu ambaye ni mgeni katika huduma lakini ana moto kunishinda. Tulikuwa tumeshabisha hodi nyumba kumi na moja. Tatu hazikufunguliwa ingawa tulisikia watu wakiongea ndani, na kwingine walipokea vipeperushi kwa ncha za vidole. Kwenye ngazi za nyumba ya kumi na mbili soli ya kiatu changu cha kulia ikabanduka kuanzia mbele mpaka katikati ya unyayo. Nikabisha hivyo hivyo, nimekunja vidole vya mguu kuishikilia isining'inie.

Akafungua mama mtu mzima, miwani kaipandisha kwenye paji la uso. Nikaanza maneno yetu ya utangulizi, hakuniacha nifike mbali. "Mwanangu, mimi mahubiri sihitaji, nisikudanganye." Nikamshukuru kwa kusema wazi, nikageuka niondoke. Ndipo akauona ule mguu.

"We, simama. Utakwendaje hivyo?"

Akatoa stuli, akaniambia nikae nivue. Akaingia ndani, akarudi na sindano nene ile ya kushonea magunia, uzi wa nailoni, msumari mwembamba na kipande cha mshumaa. Nilimtazama akiuvuta ule uzi juu ya mshumaa mara tatu, mara nne, mpaka ukakakamaa na kung'aa. Akasema bila kuniangalia kwamba nta huufanya uzi usiteleze, fundo likae. Akafuta matope kwa kitambaa, akatoboa tundu kwa msumari, kisha akapitisha sindano akiisukuma kwa mgongo wa kijiko kwa jinsi soli ilivyokuwa ngumu. Tundu moja baada ya jingine. Alipofika usawa wa kidole gumba alishona mara mbili. "Hapa ndipo panapoanzia," akasema.

Mwenzangu akaona nafasi imepatikana, akafungua Biblia taratibu. Yule mama akainua sindano juu, wala hakukasirika: "Ukianza hayo, na mimi naacha kushona." Mwenzangu akaifunga. Tukakaa kimya, matone yakidondoka kutoka kwenye paa, mpaka akafunga fundo la mwisho na kukata uzi kwa meno. Nikamuuliza nimlipe nini. Akajibu, "Nyumba hii msiiandike tu kwenye daftari lenu kwamba mtarudi."

Sisi tuna daftari la eneo. Anayekataa tunamwandikia "asirudiwe" ili wengine wasimsumbue. Nikaandika. Mkono ulikuwa mzito jamani.

Tangu siku hiyo kiatu kile nakivaa kila zamu, hakijaachia hata tundu moja. Nataka kurudi nimwambie asante, basi. Mwenzangu anasema tumeagizwa kukung'uta mavumbi ya miguuni tunapotoka katika nyumba isiyosikiliza, Mathayo 10:14, na kwamba muda wa kurudi kule ni muda wa mtu mwingine anayesubiri neno. Lakini ndugu zangu, mavumbi nitakayoyakung'uta yako kwenye kiatu alichonishonea yeye.

Nirudi? Na nikirudi, nibebe zawadi?

MzeeWaEneo

Dada, nakujibu kama mtu aliyechakaza viatu vingi katika kazi hiyo. Usome tena mstari ule polepole. Unamtaja mtu asiyewakaribisha wala kuyasikiliza maneno yenu. Huyu mama hakusikiliza, ni kweli, lakini kukaribisha alikaribisha, tena akakuketisha. Mwambie mwenzako aanzie mstari wa 12, pale tunapoagizwa kuisalimu nyumba kabla ya jambo lolote.

Kisha muende pamoja mpaka Matendo ya Mitume sura ya 28. Meli imevunjika, watu 276 wametoka baharini wameloa, Paulo ni mfungwa miongoni mwao. Wenyeji wa Malta wanawawashia moto kwa sababu ya mvua na baridi. Luka, aliyekiandika kitabu hicho, anasema wema ule haukuwa wa kawaida, na neno alilotumia kwa Kigiriki ni filanthropia, kumpenda mtu kwa kuwa ni mtu. Walikaa kisiwani miezi mitatu. Baba yake mkuu wa kisiwa, Publio, alikuwa hoi kwa homa na kuhara damu, Paulo akamwombea akapona, na wagonjwa wengine wakaja.

Sasa nitafutie katika habari hiyo yote mahali palipoandikwa kwamba wenyeji waliamini au walibatizwa. Hapapo. Yameandikwa mambo ya moto, heshima waliyopewa, na mahitaji waliyopakiliwa siku ya kuondoka. Luka huyu huyu alipomwandika Lidia, yule mwuza rangi ya zambarau aliyekutana nao Filipi, hakusahau kutaja ubatizo wake. Kwa watu wa Malta aliona ule moto wenyewe unastahili kuandikwa. Kila nikifika hapo huwa natulia kidogo kabla ya kuendelea.

Nenda ukamshukuru.

NdaniYaMlango

Samahani kwa kuingia, mimi si wa imani yenu. Ni Mwislamu, na niko upande wa pili wa mlango mnaobisha. Nadhani mnahitaji kusikia na huku.

Mtu akiniambia "nimekuja kukushukuru tu", halafu baada ya dakika tano mkono unaingia kwenye mkoba kutafuta kitabu, najisikia nimedanganywa. Si kitabu kinachoniudhi, ni ile asante iliyogeuzwa ufunguo. Huyo mama alisema hataki, na kwa maelezo yako alisema kwa heshima. Ukirudi, mkoba uache nyumbani. Usiuache kwenye ngazi wala kumwachia mwenzako anayesubiri njiani. Nyumbani kabisa.

Nikupe na la kwangu. Mashahidi wa Yehova walisimamisha kwenda nyumba kwa nyumba Machi 2020 kwa sababu ya korona, wakarudi Septemba 1, 2022. Kabla ya hapo kuna mmoja wao alikuwa akipita kwetu, na mimi kila mara nilimwambia hapana, asante. Katikati ya ule ukimya ikaja barua yake ya mkono, wino wa buluu, mistari imepanda kidogo upande wa kulia. Mwanzoni aliniuliza baba anaendeleaje, kwa sababu mara ya mwisho alipobisha alimsikia akikohoa ndani. Aya ya mwisho ilikuwa ya dini yao. Ya mwanzo niliisoma mara nyingi. Baba alikuwa ameshafariki. Sikumjibu, na mpaka leo inaniuma, maana waliporudi eneo letu alikuja mtu mwingine.

Kwa hiyo dada usichelewe.

Miezi24

Naunga mkono. Nilitumikia misheni ya miaka miwili katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ile ya vijana wa kiume wawili wawili wenye beji kifuani (dada zetu hutumikia miezi 18). Kuna mzee alitufukuza kwa kelele mpaka jirani wakatoka kutazama. Tulipofika mwisho wa barabara mvua ikashuka, na tukasikia nyayo zinakuja mbio. Ni yeye, na mwavuli mkononi. Akatupa, akasema, "Mrudishe kesho, na msiongee." Tulirudisha kesho yake, hatukuongea. Akapokea kwa mikono miwili.

Majina ya wengi niliowafundisha yameshanitoka. Mpini wa mwavuli ule, wa mbao, umepasuka na kufungwa kwa waya, naweza kukuchorea.

MwanasheriaMstaafu

Swali la zawadi halijajibiwa, nalo si dogo. Mwaka 1993 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kesi ya Kokkinakis dhidi ya Ugiriki. Yule bwana alikuwa Shahidi wa Yehova aliyeadhibiwa baada ya kuingia nyumbani kwa mwanamke mmoja na kuzungumza naye habari za imani. Alishinda. Ila mahakama ilitofautisha kushuhudia imani na kushawishi kusikofaa, na miongoni mwa mifano ya kusikofaa ikataja kumpa mtu manufaa ya mali, au kumshinikiza aliye na shida. Ugiriki haituhusu wengi hapa, lakini mama huyo hajui kilichomo moyoni mwako. Anajua tu kwamba wewe ni mhubiri, umerudi, na umebeba kitu. Nenda mikono mitupu. Usimpe kazi ya kujiuliza.

Na lile neno "asirudiwe" liacheni lisimame. Aliliomba mwenyewe.

DadaWaZamu

Nimerudi kuwapa habari, nawashukuru kila mmoja. NdaniYaMlango, ujumbe wako niliusoma mara mbili nikashindwa kuendelea na kazi. Pole sana kwa baba.

Nilienda jana jioni, siku isiyo ya zamu. Mkoba nyumbani, Biblia nyumbani, mikono mitupu. Mwenzangu alitaka kunisindikiza, nikamwomba aniache. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, na nilipobisha yote yakapotea.

Akafungua. Hakunitazama usoni kwanza, alitazama chini.

"Ule uzi umeshika?"

Nikainua mguu. Akashusha miwani, akaninyoosha unyayo kwa mkono wake kama anayekagua kwato, akapitisha ukucha juu ya mshono mpaka kwenye kidole gumba. Akasema upande wa nje utaanza kuachia karibuni, nivue. Nikamwambia, mama, nimekuja kushukuru tu, sikuja na jambo lingine. Akanitazama kitambo, akatazama na mikono yangu. Halafu akatoa stuli mbili, mara ile alitoa moja.

Nilikaa kama nusu saa. Safari hii msumari nilishika mimi na yeye akashona. Aliniambia kazi hiyo alifundishwa na mumewe, marehemu, na kwamba mshumaa ule ndio aliokuwa akitumia. Umebaki mfupi kama kifundo cha kidole.

Daftari sijaligusa. Kwenye mstari wa nyumba yake bado pameandikwa "asirudiwe", na mwenzangu nimemwonyesha ili asije akasahau. Kiatu cha kushoto nacho kimeanza kulegea, yule mama kaniambia nije nacho Alhamisi.