Azur Air ya Urusi: ilitoka wapi, na kwa nini ratiba yake hubadilika?

Swali: Wakuu, Azur Air ndiyo lile shirika la ndege la zamani, Katekavia? Na mbona saa za kuruka hubadilika wakati tiketi imeshatoka?

Jibu 1: Ndiyo. Katekavia ilianzia mkoa wa Krasnoyarsk miaka ya 1990, ikirusha ndege za An-24 na Tu-134 ndani ya Siberia. Baadaye ikawa chini ya UTair, shirika jingine la ndege la Urusi, na mwishoni mwa 2014 ikapewa jina la Azur Air, ikibebea watalii wa Anex Tour, wakala wa utalii. Msimbo wa shirika wa herufi tatu ulikuwa KTK, baadaye ukawa AZV.

Jibu 2: Kuhusu saa, mkuu, hizo ni safari za kukodi (charter). Wakala wa utalii hununua viti kwa jumla, kisha huviuza pamoja na hoteli. Boeing 757-200 yao hubeba abiria 238, na 767-300ER 336. Wamebanana kweli! Ndege ileile hutoka mji mmoja hadi mwingine bila akiba, hivyo ikichelewa asubuhi, safari za jioni nazo husogea. Viti visipojaa, safari mbili huunganishwa. Thibitisha saa kwa wakala siku moja kabla.

Jibu 3: Ongezeni Machi 2022. Bermuda ilisimamisha vyeti vya usalama vya ndege za Urusi zilizosajiliwa kwake, na ndege ambazo mashirika ya Urusi yalikuwa yamezikodi kutoka kampuni za nje zikawa hatarini kukamatwa zikitua nje ya nchi. Azur ikasitisha safari za kimataifa, ikarudi taratibu baada ya kusajili ndege upya kwa RA, herufi za usajili wa Urusi.