Wimbo wa bibi wa mwaka wa njaa: je, naweza kuuongezea maneno yangu?

Binti_Mpwapwa

Mbukwenyi wadau.

Naomba nisomwe na wanaozijua ngoma za asili, hasa za Kigogo. Mimi ni mwimbaji, riziki yangu naipata kwenye harusi na mahafali. Ila aliyenifundisha kuimba ni bibi mzaa mama, kijijini huko wilaya ya Mpwapwa. Yeye ni wa nyimbo za kuketi: akina mama wameketi, mmoja anatoa, wengine wanaitikia.

Kuna wimbo mmoja anaouita wa mwaka wa njaa. Mwitikio wake ni mfupi sana: mama asifunge mlango, aliyeondoka atarudi na mzigo kichwani. Anasema wanaume walikuwa wamekwenda mbali kutafuta nafaka, na jioni, saa ya kusonga ugali, akina mama waliuimba kwa sababu unga haukuwepo.

Nataka kuurekodi na kuuongezea beti za mabinti wanaorudi shule. Tangu Novemba 2021 Serikali iliruhusu waliokatishwa masomo na ujauzito warudi madarasani. Ruhusa ipo. Lakini binti wa mama yangu mdogo bado yuko nyumbani na mwanawe wa miaka miwili, anaona aibu kupita mbele ya wenzake. Siku aliponiambia hivyo, mwitikio wa bibi ulinijia wenyewe kichwani, nikakaa nao usiku kucha.

Nimekwama mahali pawili. Mjomba anasema wimbo wa njaa haupelekwi jukwaani, tena anaudhika kuniona na zeze, kwake zeze ni la wanaume na mwanamke ana ngoma yake ya muheme. Pili, prodyuza anasema sauti niliyofundishwa na bibi "inatoka nje ya kinanda" na anataka kuinyoosha kwa kompyuta.

Nifanyeje?

---

Kivuli_cha_Mbuyu

Dada, usimruke mjomba wako. Wimbo wa njaa una watu ndani yake. Wengine walioitikia siku zile hawakuiona mvua iliyofuata. Sasa ukiupeleka harusini, watu wanakula pilau na kutunza pesa, hao unawaweka wapi? Tunga wimbo wako mpya, maneno unayo. Huu wa bibi rekodi kama ulivyo, ukae kama kumbukumbu ya familia.

---

Njuga_Bagamoyo

Mkuu wa hapo juu kasema jambo la kweli kuhusu harusi, namuunga mkono hapo tu. Kwingine sikubaliani naye, na nitaeleza kwa urefu maana hili limenikaa moyoni miaka mingi.

Nilisoma zeze Bagamoyo, kwenye chuo cha sanaa. Nilifika chuoni baada ya mzee Hukwe Zawose kufariki, Desemba 2003, lakini mkono wake ulikuwa kila mahali pale. Huyu ni mwanamuziki Mgogo aliyekulia kwenye ng'ombe na ngoma za nyumbani, Mwalimu Nyerere akamwita Dar es Salaam miaka ya 1960. Hakuviacha vyombo vya baba zake kama alivyovikuta. Zeze la zamani lilikuwa na uzi mmoja au nyuzi mbili, yeye akaongeza nyuzi. Ilimba yake, yaani sanduku lenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole, ilikuwa kubwa, ina vyuma vingi kuliko vidole vinavyoweza kuvifikia, kwa sababu vingine havipigwi kabisa. Vinatetemeka vyenyewe jirani yao akiguswa. Na maneno yake yalikuwa ya wakati wake: umoja, kazi, taifa changa. Alichukua mpangilio wa ngoma ya kijijini akautia habari za nchi. Hakuna aliyesema si Mgogo tena.

Dada, angalia nyimbo zenyewe za kuketi. Mwitikio ndio nguzo, haugeuki. Mtoaji ndiye anayeleta habari: nani kaoa, nani ana uchoyo, mvua imechelewa. Nafasi unayoiombea ruhusa imo ndani ya wimbo tangu mwanzo. Ukibadilisha mwitikio umeuvunja. Ukiongeza maneno ya mtoaji, umefanya kile bibi yako alifanya, na mama yake kabla yake.

Kuhusu zeze na wanawake, mjomba hajadanganya. Ndivyo ilivyokuwa, na hata kwenye ukoo wa Zawose wanawake walikaa muda mrefu kwenye ngoma na uitikiaji. Lakini mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose walitoa albamu yao, Maisha, kwa jina la The Zawose Queens, wao wenyewe ndio wako mbele. Kama nyumba ile imefungua mlango, nenda kwa mjomba na habari hiyo. Nenda kwa adabu, umwekee wimbo asikie, usibishane naye.

Sasa prodyuza. Hapa naomba unisikilize sana. Ngazi ya sauti za Kigogo haikutoka kwenye kinanda. Inafuata sauti zinazozaliwa zenyewe ndani ya uzi mmoja unaotetemeka, na mojawapo inaangukia katikati ya vibao viwili vya kinanda. Bibi yako hajakosea. Akiinyoosha kwa kompyuta, kitu cha kwanza kufa ni hiyo sauti, na ndiyo inayobeba huzuni na matumaini kwa pamoja. Mwambie afanye kinyume: zeze lirekodiwe kwanza, wewe uimbe juu yake, kisha gitaa lifungwe nyuzi zake kulifuata zeze. Kinanda kikae kimya kwenye wimbo huu. Na kama ilimba itaingia, asiuondoe mvumo wake akidhani spika zimeharibika. Unatoka kwenye utando wa buibui unaobandikwa juu ya tundu la sanduku. Tunauweka makusudi.

---

Mhaya_wa_Ziwani

Swali dogo ambalo halijaguswa: utaimba kwa lugha gani? Mimi nashauri Kigogo, angalau mwitikio. Saida Karoli aliimba Kihaya, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 Tanzania nzima ilimcheza, hata ambao hawakujua neno. Maneno ya mabinti yaweke kwa Kiswahili ili afisa elimu asiseme hakuelewa.

---

Binti_Mpwapwa

Asanteni wote. @Kivuli_cha_Mbuyu, harusini sitauimba, hilo nimelikubali bila kusukumwa.

Jana nilimpigia bibi. Nilikuwa nimeogopa kumwambia muda wote huu, nikawa nauliza kila mtu isipokuwa yeye. Nikamwimbia beti mbili nilizotunga. Alinyamaza hadi nikadhani simu imekatika, kisha akaitikia. Akaitikia tena, polepole kuliko mimi, nikaelewa kwamba nilikuwa naukimbiza.

Halafu akanisahihisha jambo moja. Nilikuwa nimetaja jina la binti wa mama mdogo. Bibi akasema kwenye nyimbo za kuketi mtu wa aibu hatajwi, inatajwa nyumba yake, au mti ulio mlangoni, na wa kujua watajua. Kwao kuna mkwaju. Kwa hiyo ubeti sasa unasema: chini ya mkwaju kuna daftari, nani atalifuta vumbi?

Mjomba bado. Bibi amesema nimwachie yeye, ni mwanawe. Prodyuza amekubali kuanza na zeze, na Jumamosi ijayo tunakwenda kijijini na kinasa sauti, kwa sababu bibi hataki kuitikia peke yake studio. Anataka wenzake. Waliobaki ni wanne, na mmoja wao inabidi afuatwe kwa bodaboda.