Heka za upepo Singida: ninunue nisubiri fidia au ni ndoto za Alinacha?

mnyaturu_wa_mbezi
Wakuu habari za jioni. Mimi niko Mbezi hapa ila kwetu Singida, nje kidogo ya mji, kule ambako ukienda mwezi wa nane kofia haikai kichwani. Nina jambo naomba mnisaidie kabla sijafanya ujinga. Miaka ile hata sijaoa walikuja jamaa na Landkruza wakasimamisha mlingoti mrefu mwembamba kwenye shamba la baba mdogo, juu una vikombe vinazunguka, chini waya za kuushikilia pande zote, wakasema wanapima upepo, inakuja megawati 100 na wenye mashamba watalipwa. Mtoto wangu wa kwanza sasa hivi yuko kidato cha pili na mlingoti bado umesimama peke yake. Sasa jirani wa baba mdogo anauza heka 10 na mimi kuna hela ya kikoba imetoka juzi, nafikiria ninunue nikae kimya nisubiri fidia. Alafu kingine kinachonishangaza, Kenya wanayo mitambo ya upepo kibao, sisi upepo tunao tena mkali, tatizo nini haswa? Nawasilisha.

fundi_gridi
Mkuu upepo sio tatizo hata kidogo, na sio kweli kwamba hatuna kabisa. Kule Mwenga, Mufindi, kuna mitambo mitatu ya kilowati 800 kila mmoja tangu 2020, jumla megawati 2.4. Ndogo ndio lakini inazunguka.

Huo mlingoti wa baba mdogo una maana yake. Nguvu ya upepo haipandi sawasawa na spidi, spidi ikitoka mita 6 kwa sekunde kwenda 8 nguvu inakua zaidi ya mara mbili, kwahiyo ukikosea kidogo tu kupima umekosea hesabu yote ya mradi, ndio maana benki haikusikilizi bila vipimo vya mwaka mzima au zaidi. Ila kupima ni hela ndogo. Mtu anaweza kusimamisha mlingoti mikoa mitatu akasubiri aone ni wapi atapata mkataba. Mlingoti sio mradi mkuu.

Kinachoua hii miradi ni riba na mkataba. Chukua mfano huu wa kwangu, megawati 100, tuseme imejengwa kwa dola milioni 130 zote za mkopo wa miaka 15. Upepo hauvumi saa zote, tuseme inafanya kazi kwa asilimia 35 ya uwezo wake, unapata uniti kama milioni 306 kwa mwaka. Ukikopa kwa asilimia 5, rejesho peke yake ni kama senti 4 za dola kwa kila uniti. Ukikopa kwa asilimia 12, inakuwa zaidi ya senti 6. Mtambo ule ule, upepo ule ule, ila uniti imepanda zaidi ya shilingi 50 kwa sababu ya benki tu. Gesi unalipia unapochoma, maji angalau unayahifadhi kwenye bwawa, ila upepo hela yote inatoka siku ya kwanza, ndio maana mwekezaji hatii mguu mpaka awe na karatasi ya TANESCO inayosema watanunua kwa miaka 20 na bei imepita EWURA, wale wadhibiti wa nishati, na anataka alipwe kwa dola. Mazungumzo yanakwama hapo, dola nani abebe mzigo wake shilingi ikishuka.

kaka_wa_tabata
Hizo hesabu nzuri ila tuseme ukweli, Bwawa la Nyerere megawati 2,115, upepo wa nini tena? Mnataka tuingie mikataba ya kulipa hata umeme tusioutumia? Tulishaungua huko.

fundi_gridi
@kaka_wa_tabata hoja yako ina uzito na mwenye pochi yeyote angeuliza hivyo. Ila kumbuka mgao wa mwishoni mwa 2023. Umeme wetu tumeuegemeza kwenye maji sana, na kusi, ule upepo wa kutoka kusini, linavuma vizuri kipindi cha kiangazi, yaani wakati mito imeshuka. Upepo ukivuma unayabana maji bwawani unayatumia jioni watu wakiwasha pasi na majiko. Yanasaidiana, hayagombani. Kuhusu kulipa bila kutumia uko sahihi, Kenya yaliwakuta. Mradi wa Turkana una mitambo 365, megawati 310, mitambo ilikamilika 2017 lakini laini ya kwenda Suswa, kilomita zaidi ya 400, ikachelewa mpaka 2018, serikali ikalipa mabilioni ya shilingi za kwao mitambo ikiwa imesimama tu. Singida hapo tuna nafuu, laini ya kilovolti 400 kutoka Iringa kwenda Shinyanga inapita pale pale.

konda_wa_lowbed
Nyie mnaongelea benki, hakuna aliyeuliza hiyo mizigo inafikaje. Mimi nimekaa kwenye lowbed, zile trela za chini za mizigo mizito, miaka, tulishapeleka transfoma moja Dodoma, kutoka bandarini tu kuingia Mandela mpaka kukata kona pale Ubungo ilikuwa usiku wa manane, mbele gari la kuongoza, mimi natembea kwa miguu na mti mrefu nainua waya za watu, kibali cha TANROADS kipo mkononi na bado ukifika mizani Vigwaza wanakuzungusha. Na ile ilikuwa nzito tu, sio ndefu. Mabawa ya Turkana ni mita 25 na ushee, hayo unayapitisha. Ya mitambo mikubwa ya sasa yanavuka mita 60, bawa moja! Singida angalau barabara ni nyoofu, wanaotaka kujenga Makambako waje waniambie watapitaje kona za mlima Kitonga. Na kreni ya kuinua vitu hadi mita 80 huko juu huwezi kuikodi Gerezani, inatoka mbali, na upepo ukizidi haiinui kitu. Umefuata upepo halafu siku ya kazi unaomba utulie.

mama_alizeti
Mdogo wangu mnyaturu turudi kwenye heka zako. Mimi nimekaa na kamati ya ardhi ya kijiji, nikushauri kama dada. Kwanza mtambo hauli shamba zima, mitambo inaachana mbali, katikati watu wanalima alizeti na kulisha mbuzi kama kawaida, kwahiyo usifikiri heka zako 10 zote zitalipwa, unaweza ukakuta nguzo imeangukia kwa jirani na wewe umepitiwa na kivuli tu. Pili sheria ya fidia inaangalia thamani ya ardhi, mazao, usumbufu, sio ndoto zako, pori ni pori. Tatu hiyo ni ardhi ya kijiji, kununua bila mkutano wa kijiji kujua ni kujitafutia kesi. Huko Turkana kwenyewe mahakama mwaka 2021 ilisema hati za ardhi ya mradi hazikupatikana kihalali, na Kinangop, huko huko Kenya, mradi wa upepo wa megawati 60 ulikufa 2016 kwa mgogoro wa wananchi. Kama heka unazitaka kwa alizeti nunua, alizeti inalipa ukiwa na maghala. Kwa upepo, mwachie mwenye nazo.

mnyaturu_wa_mbezi
Aisee asanteni, nimesoma mara mbili. Hela ya kikoba naiweka kwanza, wife tayari anashangilia. Nimempigia baba mdogo nimuulize kama kuna aliyekuja kusoma vile vipimo. Anasema mlingoti ulianguka masika yaliyopita na hakuna aliyekuja kuuliza, waya kafungia banda la mbuzi, na vile vikombe wajukuu wanachezea.