Bastola ya kwanza ya kizamani kwa mfuko mdogo: 1911, Hi-Power au Tokarev?

Kifaru_Mpole:
Wakuu habari zenu. Kibali ninacho, mafunzo ya mwanzo nimemaliza, sasa natafuta bastola yangu ya kwanza na haya mambo ya plastiki sitaki. Nataka chuma na mbao, nyundo inaonekana kwa nyuma, kitu chenye sura ya zile za vita kuu. Ni ya kulengea shabaha uwanjani tu, sitembei nayo. Shida ni mfuko, Colt yenyewe au Hi-Power ya FN sifiki huko. Nimebaki na 1911 ya Rock Island ya mtindo wa jeshi, Tisas 1911 A1, Girsan MC P35 (nakala ya Hi-Power) na hizi Tokarev za Kirusi au ndugu yake Zastava M57 ya Yugoslavia. Mngechukua ipi na kwanini? Naomba sababu jamani sio ushabiki, maana kwenye hii mada watu wanagombana kama washabiki wa mpira.

Fundi_Nyundo:
Karibu mkuu. Mimi ni mtu wa 1911 sifichi, ila nitajitahidi. Ile kitu alibuni John Browning, jeshi la Marekani likaipokea Machi 1911 na ikakaa nayo mpaka 1985 walipohamia Beretta, kwahiyo spea, magazini (kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini), mipini ya mbao, springi, vyote vinapatikana kwa watengenezaji chungu nzima. Hiyo ndo faida ya kwanza kwa mtu mwenye bajeti ndogo, unanunua ya kawaida leo afu unaiboresha mdogo mdogo. Faida ya pili ni traiga (kifyatulio). Inarudi nyuma moja kwa moja haizunguki kwenye pini kama nyingine, ndo maana hata za bei ya chini zinafyatua vizuri.

Kati ya Rock Island na Tisas: Rock Island anaitengeneza Armscor wa Ufilipino, fremu yake (mwili wa bastola) ni ya chuma cha kumimina kwenye kalibu. Tisas ni Waturuki, fremu ya chuma cha kufua. Kwa mtu wa uwanjani tofauti hiyo isikunyime usingizi, zote mbili chuma na zote zitakula risasi nyingi kabla hujaona fremu inalalamika. Mimi ningechukua Tisas kwasababu A1 yao imefuata sana sura ya ile ya vita ya pili, na wewe umesema unataka sura. (Halafu ona mambo ya dunia: Wamarekani walidai risasi nene ya .45, hiyo ya 1911 ya asili, baada ya bastola zao za .38 kuwaangusha kwenye mapigano ya Ufilipino, leo Mfilipino ndo anawauzia 1911 za bei poa.)

Ubaya wa zote za mtindo wa jeshi: saiti (za kulengea) ni ndogo kama za kuficha, na mkia wa nyuma mfupi, mwenye mkono mnene nyundo inamng'ata kwenye ngozi ya kati ya gumba na kidole cha shahada. Ishike kabla hujalipa.

MamaShabaha:
Fundi umeeleza vizuri ila umeruka jambo ambalo ndo linamaliza hela ya mtu. Kaka Kifaru, bastola unanunua mara moja, risasi unanunua kila ukienda. .45 ni ghali kuliko 9mm karibu kila mahali, sasa wewe mgeni unahitaji kufyatua nyingi ili mkono uzoee, ukiwa unahesabu kila tundu kwenye karatasi kwa uchungu hutajifunza kitu. Na teke lake pia, risasi ya .45 ya kawaida kichwa chake kina gramu kama 15, ya 9mm ni nusu ya hapo. Sisemi .45 inaumiza, bastola yenyewe ina kilo moja na ushee kwahiyo inasukuma taratibu, ila mgeni akishaanza kuogopa mlio anakuwa anaibonyezea chini kabla haijalia, na hiyo tabia kuiondoa ni kazi.

Wanazitengeneza 1911 za 9mm sasa hivi, Rock Island wanazo na Tisas wanazo. Sura ile ile. Najua wazee watakuja hapa kusema 1911 ya 9mm sio 1911, waache waseme, hawakununulii risasi.

kutu_na_mafuta:
mi nipo upande wa tokarev na nitatukanwa najua lakini sikiliza. TT-33 ni nyembamba, inakaa vizuri mkononi, imetengenezwa ya askari asiye na muda, nyundo na kile kikundi chake cha traiga vinatoka pamoja kama kipande kimoja ukitaka kusafisha, hakuna visukuruu vya kupotea. Zastava M57 ni ile ile ila mpini mrefu kidogo unaingia risasi 9 badala ya 8. na moto wa risasi yake ya 7.62x25 ni raha tupu, karisasi kadogo kanakimbia kuliko 9mm, mlio wake watu wote uwanjani wanageuka

ubaya sasa maana umetaka sababu. ya asili haina sefti (kizuizi cha kufyatuka) kabisa, ina nusu-koki tu, yaani nyundo inasimama katikati haijavutwa yote, hizi zenye kitufe cha sefti nyingi kimeongezwa baadae ili ziruhusiwe kuingia nchi nyingine na vingine vimewekwa vibaya vibaya. saiti ndogo. mpini umesimama wima mno. na risasi zake zile za stoo za jeshi za zamani ndo rahisi ila praima zake (vile viwashio vya kitako) zinaacha chumvi, ukirudi nyumbani siku hiyo hiyo osha mtutu kwa maji ya moto ukaushe upake mafuta, ukisema kesho utakuta kutu. hizo za stoo nazo zinaisha siku hadi siku

MamaShabaha:
Kwahiyo unamshauri mtu anayeanza achukue isiyo na sefti, saiti hazionekani na risasi zinaisha. Asante kwa msaada 😂

kutu_na_mafuta:
mama nimesema ni raha sijasema ni busara

Bw_Magazini:
Mbona P35 hamuijadili? Mimi naona ndo jibu la swali lake. Hi-Power ilianza na Browning huyo huyo, akafariki 1926, Mbelgiji Dieudonné Saive pale FN akaimalizia ikatoka 1935. Risasi 13 za 9mm enzi ambazo wengine wapo kwenye 7 na 8, na mpini bado mwembamba, hata mwenye mkono mdogo anaukamata wote. Haina ile bushi ya mbele ya 1911 (pete inayoshika ncha ya mtutu) inayowatoa watu jasho kwenye kufungua, wala sefti ya mpini (ile isiyoruhusu kufyatua mpaka uubane mpini). Unafungua, unasafisha, unarudisha, umemaliza.

Girsan wao magazini yao inaingia 15. Saiti zimekaa kisasa kidogo. Ila usidhani kila spea ya FN itaingia humo bila kupigwa tupa, uliza kwanza. Na kwa zile za FN zenyewe za mtumba, zina kile kidude kinachozuia isifyatuke magazini ikiwa nje, kinasuguana na magazini na kufanya traiga iwe nzito ya kukwaruza. Springfield walipoleta SA-35 mwaka 2021 wakakitoa, ila hiyo bei yake imepanda ngazi, sijui kama Kifaru anafika.

Fundi_Nyundo:
Traiga ya Hi-Power nzuri zaidi haifiki traiga mbaya ya 1911. Nimesema.

Bw_Magazini:
Si tulikubaliana sio ushabiki?

Kipara77:
Nje ya mada kidogo, CZ 75 ya mtumba je? Imetoka 1975 lakini ni chuma tupu, nyundo nje, 9mm, risasi 15, slaidi (kile kipande cha juu kinachorudi nyuma) inapita ndani ya fremu kwahiyo imekaa chini mkononi haipandi sana. Na risasi ya kwanza unaweza kufyatua nyundo ikiwa chini, kwa traiga ndefu. Kwa hela hiyo hiyo unapata bastola bora kuliko zote nne ulizotaja.

Kifaru_Mpole:
Kipara naiheshimu ila sura yake kwangu bado ni ya juzi. Nikiwa mkweli nimeshaanza kuegemea 1911 ya 9mm kama alivyosema Mama. Nikikutana na ya mtumba dukani niangalie nini?

Fundi_Nyundo:
Sawa. Kwanza toa magazini, vuta slaidi, tazama chemba (pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu) kwa macho na uingize kidole, hata kama muuzaji kakuapia haina kitu. Halafu omba ruhusa ujaribu hivi: koki (vuta nyundo nyuma), weka sefti ya gumba, bonyeza traiga kwa nguvu, iachie, sasa toa sefti. Nyundo ikidondoka yenyewe hapo ondoka. Koki tena, shika bila kubana ile sefti ya mpini, bonyeza; ikifyatuka ondoka pia. Cheza na slaidi kushoto kulia, kulegea kidogo sio dhambi, za jeshi ziliachwa hivyo makusudi zimeze mchanga. Angalia ndani ya mtutu kwa mwanga kama kuna vishimo vya kutu. Springi ya slaidi ibadilishe tu bila kuuliza, ni rahisi na hujui mwenzio aliichosha kiasi gani.

Ukishainunua, risasi ipitie kwenye magazini kila mara. Usidondoshe risasi moja kwa mkono ndani ya chemba halafu ukaachia slaidi. Ile ndoano inayotoa ganda imetengenezwa ili kitako cha risasi kiteleze kwa chini yake, ukiilazimisha iruke juu ya kitako inapoteza mvutano na baadae maganda yanaanza kukwama, unakuja huku kusema Fundi alinidanganya.

Bw_Magazini:
Na kukwama kwingine kwa 1911 ni magazini. Ya kwenye boksi ikisumbua usihukumu bastola, nunua nzuri mbili, jaribu tena.

MamaShabaha:
Na kinga za masikio na miwani viwe ndani ya hiyo bajeti, sio "nitanunua mwezi ujao".

Kifaru_Mpole:
Vimeingia Mama. Nimepiga hesabu, Tisas ya 9mm, magazini mbili za ziada, kinga, na inabaki ya risasi za kuanzia. Ya Girsan ingenila hela ya risasi zote. Jumamosi naenda kuishika kama inaning'ata.

kutu_na_mafuta:
ukiwa hapo dukani shika na tokarev hata dakika moja tu, usinunue, shika